Mashujaa Wanaoosha Vyombo

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo kitu cha kwanza kilichonivuta kwenye The Uncanny Counter, tamthilia ya Kikorea, hakikuwa ngumi wala mapepo. Kilikuwa nguo. Watu wanne wanatoka usiku kwenda kupambana na pepo anayeua watu, na wamevaa trakisuti nyekundu, kama za mwalimu wa michezo wa shule ya msingi. Hakuna joho, hakuna barakoa, hakuna ile nguo ya mpira inayobana mwili mpaka unajiuliza mvaaji anakwendaje msalani. Nilisimamisha picha, nikaangalia mshono wa begani na zipu, nikamwambia mwanafunzi wangu: hii naikata leo hii na kesho mtu anaivaa.

Tangu hapo nimeulizwa sana na wateja wanaonikuta naitazama kibandani: fundi, mtu mzima wewe, unaona nini kwenye mambo haya ya Wakorea? Huwa nawajibu kwa kifupi, kwa sababu mara nyingi nina pini mdomoni. Jibu refu ni hili.

Kibanda changu kipo Ngamiani, Tanga, kwenye mitaa ile tunayoiita kwa namba. Mbele ya mlango mama mkubwa anakaanga vitumbua. Ndani tupo mimi, mwanafunzi wangu, cherehani mbili na televisheni ndogo iliyokaa juu ya rafu ya vitambaa. Tamthilia zinatufikia kwa flashi. Kuna kijana mwenye kompyuta mtaa wa pili, unampelekea flashi yako anakuingizia unachotaka, na asipokuwa nacho leo, kesho atakuwa nacho. Mara ya kwanza alituingizia ile iliyotafsiriwa, yaani yenye mtu anayezungumza Kiswahili juu ya picha, anasimulia, anatania, na kuwabandika wahusika majina yake mwenyewe. Ga Mo-tak, mwenye nguvu za kuvunja ukuta, akawa Bondia. Chu Mae-ok, mpishi anayeponya majeraha kwa mikono, akawa Mama Supu. Yung, ulimwengu wa roho ambako wakubwa wao wamekaa na mavazi meupe wakitoa amri na kusoma kanuni, akaiita Mbinguni Ofisini. Mpaka leo sijapata jina zuri kuliko hilo. Baadaye binti wa dada yangu alinionyesha kwenye Netflix, sauti ya Kikorea na maandishi ya Kiingereza chini, nikakuta nusu ya maneno ya mtafsiri wetu aliyatunga mwenyewe. Sikuona ubaya. Aliyatunga vizuri.

Kwa asiyeiona, mambo yapo hivi. Kuna roho mbaya zimetoroka huko ziliko na kuja duniani, zikaingia ndani ya watu. Zinaua, zinameza roho za wale waliouawa, na kadiri zinavyoua ndivyo zinavyopanda daraja. Kuzikamata ni kazi ya Makaunta. Kaunta ni mtu aliyekuwa hajitambui kitandani, kati ya uhai na mauti, roho kutoka Yung ikamjia na kumwambia: nipe nafasi ndani yako, nami nakurudisha. Akikubali anazinduka, anapewa kipaji chake, na nywele zinajikunja. Kweli, zinajikunja, wote wanne wana nywele za mawimbi. Mwanafunzi wangu alicheka mpaka sindano ikamponyoka: "Kumbe Mkorea akipata nguvu anapata nywele kama zetu!"

Kaunta wa nne, So Mun, ni kijana wa sekondari ambaye hakuwa mahututi. Kaunta aliyemtangulia anauawa mwanzoni kabisa, roho iliyokuwa ndani yake inabaki haina pa kukaa, inakimbia hewani kutafuta mwili, na inamwingia huyu kijana anayetembea kwa kuchechemea na fimbo. Miaka saba nyuma alipata ajali ya gari na wazazi wake, wote wawili askari polisi. Wazazi walikufa. Yeye alibaki na mguu mbovu, na babu na bibi wa kumlea, bibi mwenyewe kumbukumbu zimeanza kumtoka.

Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa habari ya roho kuingia ndani ya mtu. Mimi mwenyewe nimeshashona kwa ajili ya mapepo. Anakuja mama, hasemi sana, anataka kaniki ipindwe, au shuka la bafta, au anakuletea kitambaa chekundu, bendera, na kukwambia usikikate kwa mkasi uliokatia kitu kingine. Hapo unajua kuna ngoma mahali, kuna kiti, yaani mtu aliyepandwa na pepo, anatolewa nje, na kuna aliyepanda kichwani ameulizwa jina lake, kwao wapi, na anataka nini. Pepo wetu hufanya mapatano. Anataka marashi, anataka halua, anataka nguo ya rangi fulani. Akipewa anatulia, na pengine anabaki hapo hapo kwa miaka, kama mpangaji anayelipa kwa wakati.

Kwa hiyo mama mkubwa alipochungulia kutoka kwenye karai lake na kuwaona watu wanne wenye nguo nyekundu, kila mmoja na roho yake ndani, hakushangaa hata kidogo. "Hao ni viti," alisema, akageuza vitumbua. Kilichomshangaza ni kwamba pepo mbaya wa Kikorea hapatani na mtu. Hapewi ubani. Anapigwa yeye na kiti chake mpaka alegee, kisha Kaunta anamwekea mkono na kumrudisha alikotoka, na roho zote alizozimeza zinafunguliwa. Wakorea nao wana waganga wao, mudang, ambao hucheza ngoma na kuzungumza na roho kwa niaba ya watu, na mapatano wanayajua vizuri tu. Tamthilia hii imeamua kutofuata njia hiyo.

Jambo ambalo mama mkubwa alilikubali mara moja ni sharti la mlangoni. Pepo wa The Uncanny Counter hamwingii yeyote anayepita. Anamtafuta mtu ambaye tayari ana hamu ya kuua. Ji Cheong-sin, adui mkubwa wa msimu wa kwanza, anayechezwa na Lee Hong-nae kwa macho yasiyopepesa, hakugeuzwa muuaji na pepo. Pepo alimkuta na chuki yake akapanua chumba. Ndiyo maana huwezi kumtazama kama zimwi tu. Unajiuliza angekuwa nani kama hangepitia aliyopitia, halafu anaua tena, na unaacha kujiuliza.

Sasa nije kwenye jiko, kwa maana hapo ndipo tamthilia hii iliponishika kabisa.

Makaunta hawana kasri wala maabara chini ya ardhi. Wana mgahawa wa tambi. Mae-ok anapika, Mo-tak anabeba, Do Ha-na anapeleka sahani mezani bila kutabasamu, na So Mun anaanza kwa kazi za mwisho kabisa, kama mwanafunzi yeyote wa kazi. Watu wanapanga foleni kwa sababu supu ni tamu, si kwa sababu kuna mashujaa. Katikati ya mchana Ha-na anasimama ghafla. Amehisi pepo mbali huko. Hicho ndicho kipaji chake. Wanavua aproni na kutoka, jiko linabaki. Usiku wanarudi wamevimba nyuso, Mae-ok anawapaka mikono majeraha yanafunga, na ule uponyaji unamla yeye mwenyewe mwilini. Asubuhi kuna vitunguu vya kukata.

Nimefanya kazi ya mikono tangu utotoni, na ninajua uchovu wa namna ile. Mashujaa wengi wa Kimarekani hatujui wanakula nini. Bruce Wayne, yaani Batman, ni tajiri, Tony Stark, yaani Iron Man, ni tajiri, na ukiwa na fedha kiasi kile kuokoa mji kunakuwa kama kitu cha kujiburudisha jioni. Hawa wa Korea wana tajiri wao mmoja, mzee Choi Jang-mul, aliyekuwa Kaunta kabla yao, anayelipia mambo makubwa. Lakini maisha yao ya kila siku ni masufuria. Nguvu zao ni zamu ya pili.

Nilidhani ni ubunifu wa tamthilia hii moja, mpaka kijana wa flashi akatuletea nyingine. Kwenye Strong Girl Bong-soon ya mwaka 2017, msichana aliyerithi nguvu za ajabu kwa upande wa mama, nguvu zinazowashukia wanawake peke yao na zinazopotea wakizitumia vibaya, wazazi wake wanauza vikeki vyenye kokwa za jozi (walnut). Kwenye Moving ya mwaka 2023, mama ambaye macho na masikio yake yanazidi ya binadamu ana mgahawa wa nyama ya nguruwe ya kukaanga, na baba ambaye jeraha lake hufunga lenyewe ana duka la kuku wa kukaanga ambalo wateja hawaliingii. Mtoto wa yule mama anapaa hewani kila akifurahi. Kwa hiyo anamlisha sana awe mzito, na kumjazia vyuma kwenye begi la shule ili asiondoke ardhini mbele za watu. Lee Jung-ha aliyemcheza mtoto huyo aliongeza mwili kweli kweli, takriban kilo 30.

Hii si bahati mbaya. Msukosuko wa fedha wa mwaka 1997 uliwatupa Wakorea wengi sana nje ya kazi, na wengi waliokuwa na akiba kidogo walifungua vijimgahawa. Mpaka leo kuku wa kukaanga ni biashara ya mtu aliyestaafu au aliyepunguzwa kazini. Mkorea akiona kwenye picha baba mwenye duka la kuku tupu jioni, hajiulizi ni nani huyo. Ni jirani. Ukimwambia kwamba jirani yule risasi haimuui, na bado hana wateja, umemweleza jambo analolielewa. Mimi nilielewa nikiwa Ngamiani, mwezi ule ambao watu hawashoni.

Nimeuzunguka mguu. Niuendee.

Mguu wangu wa kulia ulipooza baada ya homa nikiwa mdogo. Ni mwembamba, mfupi kidogo kuliko mwenzake, na ukichoka unavuta. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na naikanyaga kwa mguu mmoja. Watu huja kutazama wanavyotazama mtu anayepiga ngoma kwa mkono mmoja. So Mun alipotokea mara ya kwanza, akishuka ngazi kwa ule utaratibu, mguu mzima, fimbo, mguu mgonjwa, niliacha kushona. Hatuoneshwi hivyo. Kwenye picha zetu, na hata za wenzetu, kiwete ni ombaomba au mtu wa kuombewa mwishoni. Huyu hapa alikuwa na marafiki wawili, Ju-yeon na Ung-min, waliokuwa wakimsubiri njiani bila kuugeuza huo usubiri kuwa sadaka. Wanaoonea wanyonge shuleni walipomchokoza Ung-min, aliyesimama mbele alikuwa ni yeye mwenye fimbo. Wakati huo hana nguvu yoyote.

Halafu akakubali kuwa Kaunta, na mguu ukapona.

Niseme ukweli wangu: nilikasirika. Nilimwambia mwanafunzi wangu azime, tukamaliza gauni la watu kimya. Kila hadithi ya mtu wa aina yangu inaishia hapo, ama aponywe ama afe, kana kwamba hakuna cha kusimulia juu ya mtu anayeendelea kuishi na mguu wake. Ningetaka So Mun awe shujaa na fimbo yake. Pepo angekuja, naye angepanga mapigo yake kwa kuujua mwili wake, jinsi mimi nilivyopanga kibanda changu ili kila kitu kiwe mkono unapofika. Hiyo ingekuwa tamthilia.

Lakini mwanafunzi hakuzima moyoni, akaendelea kutazama kwa simu, na siku moja akanionyesha pale So Mun anapokimbia kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba. Anakimbia tu, haendi kupigana na mtu. Nilitaka kusema neno kali nikashindwa, kwa sababu mwigizaji Jo Byung-gyu anamcheza yule kijana kwa uso ninaoujua. Ndotoni mimi hukimbia. Wala sijawahi kumwambia mtu kuhusu ndoto hizo, maana ukishazisema watu wanafikiri unalia, na mimi silii, nakimbia tu nikilala na nikiamka nashona. Tukairudia ile sehemu. Tukairudia tena. Mtu anaweza kupinga jambo na kulitamani, na vyote viwili vikawa kweli.

Waandishi wenyewe hawakuuachia mguu ule kirahisi. Mbele huko So Mun anavuliwa ukaunta kwa kuvunja kanuni, nguvu zinaondoka, nywele zinanyooka, na kuchechemea kunarudi. Pale ndipo nilipowasamehe. Nguvu za tamthilia hii hazijawahi kuwa mali ya mtu. Ni za kuazimwa, zina masharti: usizitumie kwa watu wa kawaida, usizitumie kwa kisasi chako. So Mun ana kila sababu ya kulipiza kisasi, kwani roho za baba na mama yake zimo tumboni mwa yule pepo anayemsaka, na Mbinguni Ofisini wanamwambia afuate utaratibu. Hasira yake dhidi ya wale wazee wenye mavazi meupe ilikuwa tamu kwangu kuliko ngumi zote. Ni nani asiyewahi kusimama kwenye dirisha la ofisi na shida ya kufa na kupona, akaambiwa aje na nakala?

Kuna mama aliwahi kuniletea mtoto wake wa miaka kama minane, mwenye vyuma vya mguu. Mtoto alitaka trakisuti nyekundu, na mama akashangaa kuona najua ni ipi kabla mtoto hajamaliza kueleza. Suruali za trakisuti hazipiti kwenye vyuma. Watoto hawa huvalishwa bukta mwaka mzima au suruali ya mtu mkubwa iliyokunjwa. Nilitia zipu ndefu upande wa nje, kuanzia kiunoni mpaka chini, nikaificha chini ya mstari mweupe, na upande wa ndani nikatia kitambaa cha pili ili chuma kisisugue. Nikatanua goti. Mtoto alivaa mwenyewe, akiwa amekaa. Akaniuliza kama So Mun na yeye alikuwa na zipu. Nikamwambia fundi wa So Mun hakuwa na akili hiyo. Tangu hapo nimeshona nyingine za namna hiyo, za rangi zote, na wazazi wananitumia wazazi wenzao. Bei ni ile ile ya suruali ya kawaida. Zipu ndefu ni gharama kidogo tu, na kazi yenyewe naipenda.

Nirudi kwa mama mkubwa, kwa sababu yeye ndiye aliyenionyesha jambo ambalo mimi, kwa kushughulika na mguu, nililiruka. Yeye alikuwa akija ndani baada ya vitumbua kwisha, anakaa kwenye kigoda, anasema anapumzisha mgongo. Kumbe alikuwa akimfuatilia Mae-ok. Yeom Hye-ran, mwigizaji wake, ana sura ya mwanamke unayemjua: mikono mikubwa, mdomo mkali, moyo uko jikoni. Mae-ok alimpoteza mwanawe, na roho anayeshirikiana naye kutoka Yung ni huyo huyo mwanawe. Yaani kila anapofanya kazi ile ngumu, anaifanya pamoja na mtoto aliyemzika. Mama mkubwa alimzika mtoto wake zamani, kabla sijazaliwa, na kwenye familia yetu jina lile halitajwi isipokuwa kwenye dua. Siku tuliyofika pale Mae-ok na mwanawe wanapoonana, alisema tu: "Amepewa kazi na mwanawe. Bahati yake." Kisha akaeleza mtoto wake alipenda kulala wapi na alikuwa anakataa chakula gani. Mwanafunzi wangu alikuwa anajua kunyamaza siku hiyo.

Ukiwapanga wote wanne, kila mmoja ana kaburi lake. Ha-na alibaki peke yake baada ya familia yake kuangamia, na hataki kuguswa na mtu kwa sababu akimgusa anasoma kumbukumbu zake. Mo-tak alikuwa mpelelezi wa polisi, akatupwa kutoka juu ya jengo, akazinduka bila kumbukumbu, na kesi aliyokuwa akiifuatilia ndiyo inayoongoza kwa meya wa mji na uchafu wake. So Mun na wazazi wake. Lile jiko la tambi ni matanga yasiyokwisha, watu wamekaa pamoja, wanakula, wanataniana, na mara moja moja mmoja anatoka nyuma kwenda kulia. Sisi tuna siku zetu za kukaa na wafiwa, halafu watu wanakunja mikeka na mfiwa anabaki na nyumba. Wale hawakukunja mkeka. Nadhani hicho ndicho watu wanakirudia, hata wanaosema wanapenda mapigano.

Tamthilia hii ilirushwa Korea na kituo cha kulipia cha OCN kuanzia Novemba 2020 hadi Januari 2021, sehemu 16, majira ya baridi yale ya korona ambapo watu walikuwa wamejifungia. Ilianza na watazamaji asilimia 2.7 hivi na kumaliza ikikaribia asilimia 11, kiwango ambacho OCN haikuwahi kukifikia. Chanzo chake ni katuni ya mtandaoni ya Jang Yi, zile ambazo Wakorea huzisoma kwenye simu kwa kusogeza kidole kwenda chini. Mwandishi Yeo Ji-na aliondoka njiani kwa kutoelewana juu ya mwelekeo wa hadithi, mwongozaji Yoo Seon-dong akaandika sehemu ya 13 mwenyewe, na mwandishi mwingine akamalizia. Fundi akibadilishwa katikati ya nguo, mshono unaonekana. Baada ya sehemu ya 12 masharti ya mapepo yanaanza kulegea, mtu anapata uwezo ambao jana haukuwepo, pepo anahama mwili kwa njia tusiyoambiwa mapema. Mwisho wenyewe, So Mun anapowaona wazazi wake, umeshonwa vizuri. Hapo walitia mkono wa polepole.

Msimu wa pili, wa mwaka 2023, uliohamia kituo kingine, tvN, na kuwa na sehemu 12, sikuupenda vile, na Wakorea wenyewe hawakuufuata kwa wingi ule. So Mun amekuwa mkubwa na nguvu zake zimekuwa za kutisha, anasukuma vitu bila kuvigusa, na mtu ambaye anaweza kila kitu hanipi hofu. Wamemleta kijana wa shambani, Na Jeok-bong, anayewanusa mapepo kwa pua. Anachekesha, ila wamemfanya achekeshe mno. Jikoni hawakai. Kilichonibakisha ni Ma Ju-seok, mzimamoto anayechezwa na Jin Seon-kyu, mtu mwema kuliko wote kwenye hadithi, ambaye mke wake mjamzito anauawa. Pepo anamkuta na ile hamu ambayo msimu wa kwanza ulitueleza ndiyo mlango. Kwa Ji Cheong-sin ilikuwa rahisi kusema aliufungua mwenyewe. Kwa huyu, mwanafunzi wangu aliniuliza kama na yeye amekosea, tukabishana mpaka mteja akachukua nguo yake na kuondoka bila kulipa salio. Akarudi kesho yake kulipa, akiwa na maoni yake.

Kijana wa flashi anadai kuna nyingine mpya za namna hii na amenijazia mbili. Mwanafunzi anasubiri msimu wa tatu. Mimi ningependa waturudishie jiko na wamwache mtu mmoja na ulemavu wake mpaka mwisho, niangalie atapigana vipi.

Mama mkubwa yeye ana lalamiko moja, na hajalibadilisha tangu msimu wa kwanza. Kila Ha-na akisimama ghafla na wote wakavua aproni, yeye husogea mbele kwenye kigoda na kuinyooshea televisheni mwiko.

"Zimeni jiko kwanza," anawaambia. "Mapepo hayana haraka kama mafuta."